Imani na Ujasiri Ukambani: Upinzani Uliowakabili Waumini wa Kitui na Makueni

Migwani ni mji mdogo wa soko katika kaunti ya Kitui, kwenye barabara itokayo mjini Kitui kupitia Kabati hadi Mwingi, na wakazi wake wengi ni wakulima na wafugaji wa Kikamba wanaotegemea misimu miwili ya mvua, na ule wa mwisho wa mwaka, kuanzia Oktoba hadi Disemba, ndio wa kutumainiwa zaidi. Mvua ikikosekana misimu miwili mfululizo, ghala hubaki tupu na mifugo huanza kufa. Ndiyo maana Wakamba wameipa kila njaa kubwa jina lake, na kwa majina hayo wazee walihesabu miaka ya kuzaliwa na ya kuoa. Hali hii ya nchi inapaswa kutangulizwa katika historia yoyote ya dini huko Migwani, Kitui nzima na Makueni, kwa kuwa imani ya Ukambani ilifungamana na mvua, na aliyebadili imani alionekana kugusa chakula cha jirani zake. Upinzani uliowakabili Wakristo wa kwanza ulikuwa na sababu yake, na pasipo kuielewa sababu hiyo haiwezekani kupima ujasiri wa waliousimamia.

Kitovu cha ibada ya kale kilikuwa ithembo, yaani mahali patakatifu, mara nyingi chini ya mti mkubwa uitwao muumo, ambao ni wa jamii ya mtini na ambao hakuna aliyethubutu kuukata. Wazee maalumu wa ithembo, wanaume kwa wanawake, walipeleka hapo mbuzi, maziwa, pombe na mazao ya kwanza, wakamwomba Mulungu mvua na afya, na wakawakumbuka aimu, yaani roho za wazazi waliotangulia. Sadaka hiyo ilikuwa ya utui mzima, utui ukiwa ni ujirani wa nyumba zinazosaidiana kwa kazi, kwa misiba na kwa hukumu. Kila nyumba ilitarajiwa kuchangia, na nyumba iliyojitenga ilihesabiwa kuwa imetoboa paa linalowafunika wote. Mtu aliyesema kwamba hatatoa mbuzi wake kwa kuwa sasa anasali kwingine hakuwa amefanya uamuzi wa faragha: mvua ikichelewa mwaka huo, macho yote yaligeukia boma lake.

Jambo la pili lililomtenga Mkristo lilikuwa kiapo. Wakamba walikuwa na kithitu, chombo cha kuapia ambacho aghalabu kilikuwa pembe ya mnyama iliyojazwa vitu vya nguvu za siri, nacho kiliogopwa kupita adhabu yoyote ya mahakama. Kiliwekwa chini mbele ya wazee na mashahidi, na mwenye kuapa alikigonga kwa kijiti huku akitamka kwamba kithitu kimuue ikiwa amesema uongo. Baada ya hapo wote walingoja, kwa kuwa iliaminika kwamba kifo kingempata mwongo yeye mwenyewe au mmojawapo wa jamaa zake kabla ya muda uliowekwa kupita. Kesi za mipaka ya mashamba, za ng'ombe wa mahari na za uchawi zilikatwa kwa njia hiyo, na serikali ya kikoloni yenyewe iliikubali katika baadhi ya mashauri ya Wakamba. Mkristo aliyekatazwa na dini yake kukigonga kithitu alikuwa na shida isiyoonekana kwa mgeni, maana kukataa kuapa kulifanana na kukiri, na mtu angeweza kupoteza shamba au mifugo yake kwa haki ya kimila ilhali hana hatia. Pengine hapa ndipo ujasiri wa waumini wa mwanzo unapoonekana kwa udhahiri kuliko mahali pengine popote, kwa sababu gharama yake ilihesabika kwa ng'ombe na kwa ekari.

Mkristo wa kwanza kuingia Ukambani na kuacha maandishi kuhusu safari yake alikuwa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa shirika la Church Missionary Society, aliyekuwa amemzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao karibu na Mombasa mwaka 1844. Alifika Kitui mwaka 1849 kwa mwenyeji wake Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu, na mnamo tarehe 3 Disemba mwaka huo aliuona Mlima Kenya kutoka huko. Mwaka uliofuata Injili ya Marko katika Kikamba ilichapishwa Ujerumani. Aliporudi mwaka 1851 alifuatana na Kivoi kuelekea mto Tana, msafara ukavamiwa, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake porini. Aliteka maji ya mto kwa mfuko wa ngozi wa darubini yake na kwa mitutu ya bunduki, akatembea usiku na kujificha mchana. Aliporejea nyumbani kwa Kivoi, jamaa za marehemu walimlaumu kwa kuwa hai wakati rafiki yake amekufa, ikambidi atoroke tena. Shajara zake zinaonyesha mtu aliyeomba huku akitetemeka, na huo ni ushahidi wa thamani kuliko sifa za kishujaa alizovikwa baadaye. Hata hivyo hakuacha kanisa Ukambani, na wazo lake la kujenga kituo Yatta lilikufa pamoja na safari hiyo.

Miaka 40 hivi ilipita kabla ya Walutheri wa Kijerumani waliohusiana na shirika la Leipzig kufungua kituo Ikutha, kusini mwa Kitui, na baadaye Mulango karibu na mji wa Kitui. Upande wa Makueni walifika watu wa Africa Inland Mission wakiongozwa na Peter Cameron Scott, kijana mzaliwa wa Glasgow aliyekulia Marekani, ambaye awali alikuwa amemzika nduguye Kongo. Scott na wenzake saba walishuka Mombasa tarehe 17 Oktoba 1895, na tarehe 12 Disemba walifika Nzaui. Haielekei kwamba walijua uzito wa mahali hapo. Kilima cha Nzaui, chenye jabali linaloonekana kutoka mbali, ndipo mapokeo ya Wakamba yanaposema Mulungu aliwashusha watu wa kwanza, na kwamba nyayo zao bado zimo katika mwamba. Wageni waliokuja kumtangaza Mungu walianza kazi chini ya mlima ambako wenyeji waliamini kwamba Mungu alikuwa amekwisha kufika, na mambo mengi ya historia ya dini Ukambani yanaweza kusomwa kutokana na jambo hilo moja.

Katika mwaka wake wa kwanza misheni hiyo ilifungua vituo vinne, yaani Nzaui, Sakai, Kilungu na Kangundo. Scott alikufa kwa homa tarehe 4 Disemba 1896, akiwa na umri wa miaka 29, na katika kipindi kifupi wenzake karibu wote walikufa au walirudi kwao. Kisha ikaja njaa iliyoitwa Ngomanisye, ya miaka ya 1898 na 1899, ikifuatana na ndui, wakati uleule reli ya Uganda ilipokuwa ikikatiza Ukambani kuelekea Nairobi. Wako waliosema kwamba nyoka huyo wa chuma, aliyekuwa ametabiriwa na nabii wa kike Syokimau, ndiye aliyeifukuza mvua, na si ajabu kwamba wazungu wa Biblia na wazungu wa reli walichukuliwa kuwa kundi moja. Makaburi ya wamisionari hao yameandikwa sana. Wamisionari hao, hata hivyo, walikuwa na mahali pa kurudi; kijana wa Kikamba aliyejiunga nao hakuwa na kwake pengine.

Vijana hao waliitwa asomi, yaani wasomaji, kwa kuwa alama iliyowatambulisha ilikuwa kitabu. Walijifunza herufi chini ya mti au katika kibanda cha nyasi, wakakariri Injili, kisha wakatumwa kufundisha mbali na vituo vikuu. Ni kwa miguu ya walimu wa aina hiyo, wengi wao wasio na jina katika kumbukumbu za misheni, neno lilisambaa hadi vijiji vya kaskazini mwa Kitui vilivyo mbali na Mulango. Kituo cha Mulango chenyewe kilipita mikononi mwa Africa Inland Mission wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walipoondolewa, na mwaka 1920 Agano Jipya lilitolewa katika Kikamba. Misheni iliwawekea asomi masharti magumu: pombe marufuku, ngoma marufuku, mke wa pili marufuku, tumbaku marufuku, ithembo marufuku. Kila katazo lilikata kamba mojawapo iliyomfunga mtu na watu wake. Pombe ilikuwa sehemu ya mahari na ya maombi ya wazee. Kijana asiyeipeleka kwa baba mkwe alikuwa amemkosea heshima, na aliyekataa kuinywa na wazee alikuwa amejitoa katika baraza lao.

Walisimama vipi? Maelezo ya kimisheni hupenda kumtaja mtu mmoja na saa yake ya kuongoka. Mazingira ya Ukambani yanaelekeza kwingine. Wakamba walikuwa na mwethya, yaani kundi la majirani wanaolima au kujenga kwa zamu katika shamba la kila mmoja, na mwenye shamba aliwashukuru kwa chakula na pombe. Muumini asiyepika pombe alihitaji mwethya mwingine, na akaupata kwa waumini wenzake. Sala za jioni, nyimbo zilizoimbwa kwa pamoja, kazi ya kufyatua matofali ya kanisa na kulima shamba la mwalimu, vyote vilimpa mtu aliyefukuzwa na jamaa zake jamaa nyingine iliyokuwa tayari kumlisha na kumzika. Ujasiri wa imani katika nchi hiyo ulikuwa kazi ya watu wengi, na hoja hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini mwanamke, ambaye kwa mila hakuwa na sauti katika baraza la wazee, aliweza kusimama imara kama mwanamume. Alikuwa na wenzake wa kuimba nao. Msichana aliyekataa kuozwa kwa mzee mwenye wake wengi alimnyima baba yake mifugo ya mahari, na hasira iliyofuata haikuwa ndogo. Mulango, ambako baadaye shule ya wasichana ilijipatia sifa, ni mojawapo ya mahali palipobadilisha maana ya maisha ya binti wa Kitui.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kuwapa Wakristo peke yao sifa ya ujasiri huo. Mwaka 1911 Syotune wa Kathuke, pamoja na Kiamba, aligeuza wimbi la watu waliopagawa na roho kuwa ukaidi wa wazi dhidi ya serikali ya Waingereza huko Machakos. Watu wakaacha kutii maagizo ya wakubwa, na viongozi hao wakakamatwa na kuhamishiwa mbali na kwao. Mwaka 1922 Ndonye wa Kauti, kusini mwa wilaya ya Machakos ya wakati huo, alitangaza kwamba Mungu amesema naye na kwamba utawala wa wazungu utakwisha. Ndonye alichanganya aliyoyarithi kwa wazee na yaliyosikika kutoka misheni, akapata wafuasi wengi, na serikali, iliyokuwa bado ina hofu baada ya ghasia za Nairobi za mwaka huohuo, ikampeleka uhamishoni Siyu katika visiwa vya Lamu, alikofia. Maofisa walimwona kuwa mwendawazimu, na wamisionari hawakumtetea. Leo ni rahisi kuona kwamba alifanya jambo lile lile walilolifanya asomi mbele ya wazee: alimsikia Aliye mkuu kuliko mkubwa aliyekuwa mbele yake, akakubali kulipa gharama ya kumsikia. Tofauti ni kwamba asomi walikuwa na misheni ya kuwakinga, naye hakuwa na kinga yoyote.

Mwaka 1938 serikali ilitumia nguvu kupunguza ng'ombe wa Wakamba, kwa hoja kwamba walikuwa wengi kupita uwezo wa malisho, na wanyama waliokamatwa wakauzwa kwa bei ya chini wakati kiwanda cha nyama kilipokuwa kikianzishwa Athi River. Muindi Mbingu na chama cha Ukamba Members Association, ambacho miongoni mwa viongozi wake walikuwamo watu waliopitia shule za misheni, waliongoza wanaume, wanawake na watoto kutoka Machakos hadi Nairobi, wakapiga kambi kwa majuma kadhaa wakitaka kuonana na gavana. Muindi Mbingu alihamishiwa Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha upunguzaji wa mifugo kwa lazima ulisitishwa. Kwa historia ya imani, tukio hilo lina maana kwa sababu liliwalazimisha Wakristo wa Ukambani kuamua kama utii kwa misheni, iliyowahimiza kujiepusha na siasa, ulikuwa sawa na utii kwa Mungu. Wengi waliona kwamba haukuwa sawa.

Kutokana na swali hilo ulitokea upinzani wa tatu, ambao pengine ulikuwa mgumu kuliko ule wa wazee na wa serikali, kwa kuwa ulitoka kwa waliowafundisha kusali. Africa Inland Mission ilikawia kuwapa Waafrika uongozi na haikuwa na moyo wa kuwapeleka katika elimu ya juu, ikihofia kwamba shule ingeimeza Injili. Tarehe 8 Aprili 1945, jijini Nairobi, kundi la Wakamba lilianzisha African Brotherhood Church, kanisa ambalo baadaye liliweka makao yake makuu Machakos na kuenea Kitui na Makueni pamoja na shule zake. Waasisi wake hawakuikana Biblia waliyopewa na misheni wala hawakurudi kwenye ithembo. Walichokataa ni kuwa watoto wa daima katika nyumba ya Baba yao. Kuitwa waasi na mtu aliyekubatiza ni jambo zito, na walilibeba kwa muda mrefu kabla ya kanisa lao kukubalika katika mabaraza ya makanisa ya Kenya na ya dunia. Ndani ya misheni yenyewe waliobaki walingoja hadi Oktoba 1971 ndipo mali na mamlaka yakakabidhiwa rasmi kwa Africa Inland Church, chini ya askofu wake wa kwanza, Wellington Mulwa, ambaye naye alikuwa Mkamba.

Wakatoliki waliingia Kitui kwa nguvu baadaye kuliko Waprotestanti. Mwaka 1956 Kitui ilifanywa prefektura, yaani eneo la kimisheni lililo chini ya kiongozi wake lakini bado halijawa jimbo kamili, na ikakabidhiwa mapadre wa shirika la Mtakatifu Patriki la Kiltegan, Ireland. Migwani ni mojawapo ya parokia za jimbo lililotokana na prefektura hiyo, na kwa miaka mingi mapadre wa Ireland walihudumu huko wakifundisha, wakitibu na wakigawa chakula katika miaka ya njaa. Waprotestanti waliwatazama kwa shaka, nao wakarudisha shaka hiyo. Waliooana kutoka pande hizo mbili walilazimika kuchagua madhabahu. Ushindani huo ulileta shule na zahanati nyingi kuliko ambazo dhehebu moja lingejenga, na ndani ya kizazi kimoja neno asomi likapoteza ukali wake, kwa kuwa karibu kila mtu alikuwa msomaji.

Baada ya hapo ndipo alipotokea mtu aliyeuliza swali ambalo lilikuwa limefunikwa tangu Nzaui. John Samuel Mbiti alizaliwa Mulango mwaka 1931 katika familia ya Kikristo, akasoma Alliance High School, Makerere, Marekani na hatimaye Cambridge, akawa kasisi wa Kianglikana na mwalimu wa dini Makerere. Katika kitabu chake cha mwaka 1969, African Religions and Philosophy, na katika kingine cha mwaka uliofuata kilichokusanya dhana kuhusu Mungu kutoka jamii karibu 300 za Afrika, alishikilia kwamba Mungu aliyehubiriwa na wamisionari ndiye yule yule aliyeombwa na babu zetu, na kwamba wamisionari hawakumleta Mungu Afrika, Mungu ndiye aliyewaleta wao. Mwaka 1971 alichapisha uchunguzi kuhusu mafundisho ya mwisho wa dunia miongoni mwa Wakamba, akionyesha jinsi waumini wa Africa Inland Mission walivyofundishwa mbingu kwa picha za kimwili zilizowapita kando bila kugusa namna yao ya kuuelewa wakati.

Aliandika hayo juu ya kanisa lililomlea, na jibu lilikuwa kali. Wainjilisti, na hasa Byang Kato wa Nigeria, aliyekuwa katibu mkuu wa umoja wa wainjilisti wa Afrika, walimshutumu kwamba anafungua mlango wa kuamini kwamba dini zote huokoa. Kwa upande mwingine wasomi kama Okot p'Bitek wa Uganda walikuwa wakilalamika kwamba wanateolojia wa Kiafrika wanaivika miungu ya Afrika kanzu za Ulaya. Mbiti alipigwa kutoka pande zote mbili, kama walivyopigwa asomi wa Mulango, kati ya wazee waliosema wamewasaliti babu zao na walimu waliosema wamemsaliti Kristo. Hakuacha ukasisi ili awe mwanafalsafa huru, wala hakukanusha alichoandika ili akubalike makanisani. Alihamia Uswisi, akaongoza taasisi ya kiekumeni ya Bossey, kisha akawa mchungaji wa parokia mjini Burgdorf, ambako alihubiri na kuzika na kubatiza kama mchungaji yeyote.

Katika uzee wake alikaa na matini ya Kigiriki na kuifasiri upya katika Kikamba, aya kwa aya, bila kupitia Kiingereza, na Agano Jipya hilo likatoka mwaka 2014, alipokuwa na umri wa miaka 83. Alifariki Burgdorf Oktoba 2019. Wakamba wa Kitui na Makueni, wakiwemo wajukuu wa wazee wa ithembo na wajukuu wa asomi waliowakataa wazee hao, leo wanayo Maandiko yaliyopita moja kwa moja kutoka lugha ya mitume hadi lugha yao, kwa mkono wa mtu wa Mulango.